Nilivyopima Bega kwa Rula ya Maua

Ndugu zangu, kaeni, kaeni tu. Nimepewa dakika tano, na wanaonijua washaanza kucheka kwa sababu mimi nikipewa tano nachukua wiki. Mungu ametuamsha wote, hata wale ambao maneno yangu leo hayatawafurahisha. Tuanze kabla mvua haijapiga haya mabati.

Miaka kumi na sita nilikuwa Karagita, kule Naivasha, nikifanya kazi kwa shamba la maua, kwenye meza ya kupanga gredi. Rozi linakuja, unalilaza kwa ubao wenye alama za rula, unasoma: arobaini, hamsini, sitini. Unalitupa kwa kundi lake. Maua ambayo huu mkono wa kulia umepima, ukiyaunga shina kwa shina, yanafika mwezini, yanageuka, yanarudi kupitia Gilgil.

Halafu bega likakataa. Moto ulikuwa unatoka shingoni, unashuka mkono mzima hadi kwenye kucha. Siku ya kwanza nilipiga nduru hadi viboko wa Ziwa Naivasha wakaitikia. Nikashindwa na kazi, nikaja hapa Nakuru kwa binti yangu, mtaa wa Section 58.

Nilikuwa nimeshaanza masomo ya ngumbaro, ya watu wazima. Ndiyo, nyanya wa wajukuu watatu, dawati moja na dereva wa lori, tukibishana kuhusu kipeuo cha pili. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuingia chumba cha mtihani wa kidato cha nne na kuandika hadi mwisho. Lakini nikishika kalamu dakika kumi, vidole vinakufa ganzi. Mwalimu akaniambia, "Mathe, akili unayo. Mkono ndio hauko."

Nilipoenda kliniki, daktari akasema kuna utafiti wa dawa ya maumivu yasiyoisha, wanatafuta watu wa kujitolea. Wengine watapewa dawa, wengine kidonge kisicho na dawa, na hata yeye hatajua nani amepata nini.

"Wewe ni daktari wa aina gani hujui unachonipa?" nikamuuliza.

Akacheka. Akanisomea zile karatasi kwa Kiswahili, moja moja, hadi ya mwisho. Naweza kutoka siku yoyote nikitaka. Nikaweka sahihi.

Sasa ndugu zangu, nawaambia, habari ilifika hapa kanisani kabla wino haujakauka. Ati mathe amejiuza kama panya wa maabara. Ati watamfyonza damu. Ati mwanamke wa imani huvumilia. Sitamtaja mtu. Huyo mwenye leso ya kijani anayetazama chini, sijamtaja.

Lakini nitajibu leo, kwa sababu siku ile nilinyamaza. Kila kidonge cha malaria ulichowahi kumeza, kuna mtu alikimeza kwanza, na hakujua kama kitafanya kazi. Huyo hukumwita panya. Hata asante hukumwambia. Na kuvumilia? Mimi nimevumilia miaka minne. Hakuna aliyeniletea kombe.

Haya. Kabla ya kupewa dawa, kila mtu alipewa kitabu cha kuandika nyumbani wiki moja. Kila jioni unaandika namba: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni yale mabaya kabisa. Chini yake unaandika ulichofanya siku hiyo. Mnanijua. Nikaandika kumi, kumi, kumi. Wiki ikaisha, nikakipeleka kwa nesi wa utafiti, kijana mpole lakini macho kama ya mkaguzi.

"Mama, Jumatatu umeandika kumi."

"Ilikuwa kumi."

"Na chini umeandika umefua mablanketi manne."

"Yalikuwa mazito."

"Jumatano umeandika kumi na tano. Namba zinaishia kumi."

"Ungekuwa na hili bega, na wewe ungeongeza."

"Na saa hii ukiingia nimekuuliza habari. Ukasema mzuri sana, namshukuru Mungu."

"Kwani nilie mlangoni? Hiyo ni salamu!"

Hakucheka. Akafunga kitabu. "Mama, ukianza na kumi ya uongo, dawa ikishusha maumivu nitajuaje? Nakupa wiki moja ingine. Ukileta kitabu kama hiki, tutakuacha nje."

Nilitoka pale nikiwa mdogo kama punje ya mtama. Nikakaa kwa benchi, nikaona mtihani wangu unaenda. Sasa pale kwa benchi nikakumbuka meza yangu ya Karagita. Ukisema rozi la arobaini ni sitini, boksi linasafiri hadi ng'ambo, mnunuzi analipima, analikataa, na meza yote inaaibika. Miaka kumi na sita, ndugu zangu! Kwa mdomo nimeongeza kila kitu, hata umri wa mume wangu. Kwa rula sijawahi kuongeza sentimita moja.

Jioni hiyo nikachora rula kwa kadibodi, nikaipigilia misumari ukutani. Kumi: siku nilipomzaa kifungua mimba. Nane: siwezi kufunga kifungo. Sita: nachana nywele lakini napumzika mara mbili. Tatu: nasonga ugali wa watu wanane. Kila jioni nalaza bega langu pale, nasoma, naandika. Jumatatu, saba. Jumanne, sita. Haki, iliniuma zaidi kuandika hiyo sita kuliko sita yenyewe.

Nesi akasoma, akasoma tena. "Sasa hii ni kazi," akasema. Nikaingia.

Nikameza vidonge miezi sita. Kuna ile Jumapili nilikoroma katikati ya mahubiri, mkasema ni pepo. Ilikuwa kidonge. Au ilikuwa mahubiri, utafiti bado haujatuambia. Rula ikashuka hadi sita, ikapanda saba, nikalia, ikashuka tano. Wiki ya mtihani ilisoma nne. Niliweka kalamu chini mara mbili, nikanyoosha mkono, nikaiokota mara mbili. Nikamaliza. Cheti kiko kwa ukuta, kando ya ile kadibodi.

Hadi leo sijui kama nilipewa dawa au kile kingine. Watatuambia utafiti ukiisha. Hata kama ni kile kingine, kitabu changu kiko pale, na ni cha kweli, na siku moja mtu nisiyemjua atameza kidonge kwa sababu yangu.

Sasa juzi ndugu mmoja mpendwa ameniambia, "Dada, ukisimama mbele, sema sifuri. Nne si ushuhuda. Watu wanataka kusikia umepona kabisa." Hapana. Mimi niliyetuma maua mwezini, nimekataa. Hili bega sitaliongeza na sitalipunguza, hata kwa utukufu wa kanisa. Mungu hahitaji nimsaidie kwa sentimita za uongo.

Nashukuru binti yangu, aliyeninyang'anya mablanketi. Nashukuru mwalimu wangu, na yule nesi aliyekataa kucheka. Nashukuru mama mmoja wa hapa aliyenisindikiza kliniki kila mara, akakaa kwa benchi na sweta yake ya kufuma, na hakuniuliza hata swali moja.

Na somo langu ni fupi. Tukikutana pale mlangoni tukiulizana habari, tumezoea kusema mzuri, mzuri, hadi mtu anazikwa akiwa mzuri. Mimi asubuhi hii nimesoma rula yangu kabla ya kuja. Nne. Ukiniuliza, nitakwambia nne, kisha nitangoja uniambie yako.

Tuanze sasa hivi. Wewe mwenye leso ya kijani, ambaye bado sijakutaja: hilo goti unalolisugua tangu nianze kuongea, ni ngapi?