Bi Mwanaupe na Magurudumu Yaliyokwishazimwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1999, Bi Mwanaupe Hamduni anakabidhi funguo za Chumba cha Michoro na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha mashine za kusaga hapa Nyakato, Musoma, kwa miaka ishirini na mitano. Wengi wetu tunamjua kwa kicheko chake, ambacho hufika ofisini kabla yake. Tulio karibu naye tunajua pia ni siku zipi kicheko hicho kilinyamaza, na amekubali tuzieleze humu kwa mara ya kwanza.

Alizaliwa Mukendo, binti wa fundi bati aliyetengeneza majiko na koroboi. Alianza kazi mwaka 1974 akinakili michoro kwa wino. Miaka ya shida ilipoingia, sabuni ikawa ya foleni na karatasi za kuchorea zikaadimika, naye akachora nyuma ya mabango ya kampeni ya chanjo. Hadi leo wazee wa karakana ya kusubu chuma wanasimulia jinsi kijana mmoja mgeni alivyougeuza mchoro wa mashine na kuuliza kama nayo inadungwa sindano.

Rafiki yake mkubwa kazini alikuwa marehemu Mzee Silasi Makongoro, mkaguzi wetu, mwenyeji wa Bunda. Mzee Silasi hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na nyundo ndogo, akiligonga gurudumu na kuinamisha kichwa kulisikiliza. Gurudumu hilo ndilo zito kuliko vyote kwenye mashine, ndilo linaloshika mwendo. Chuma kizima huitika kama kengele. Chenye ufa ndani huitika kama mtu anayekohoa.

Mwaka 1986 chuma kizuri kilikosekana kabisa, tanuri likalishwa chochote kilichookotwa. Magurudumu manne yalitoka katika mkupuo mmoja wa chuma kilichoyeyushwa, na Mzee Silasi hakuyapenda. Alitaka yavunjwe. Uongozi wa wakati ule ulisema wananchi wanasubiri mashine, na baada ya siku kadhaa akayagonga muhuri. Bi Mwanaupe anakumbuka mzee alivyorudi kuketi, akasema tu, "Yanaitika vibaya, dada." Tangu hapo mzee hakula tena chakula cha mchana pamoja na wenzake wa karakana.

Mzee Silasi alifariki mwaka 1994 kwa maradhi ya kifua. Bi Mwanaupe alikuwa Bunda siku ya mazishi na alitupia udongo kwa mkono wake.

Mwaka uliofuata kiwanda kikabinafsishwa. Wenzetu wengi walipunguzwa, nafasi ya mkaguzi ikabaki wazi, na zikaja kompyuta mbili pamoja na programu ya kufuatilia bidhaa katika uhai wake wote. Kila mashine ilipewa namba, na ukiiita namba hiyo unaona mchoro wake na marekebisho yake, chuma kilikotoka, aliyeinunua, ilivyotengenezwa, mpaka siku inapouzwa kama chakavu. Bi Mwanaupe ndiye aliyejifunza kwanza. Akaamua kuingiza hata mashine za zamani, tukamcheka. "Mtu ana cheti cha kuzaliwa," akatujibu, "mashine kwa nini isiwe nacho?"

Agosti 1997, asubuhi, gurudumu la mashine moja hapa hapa Nyakato lilipasuka likiwa katika mwendo. Kipande kilitoboa paa, kingine kilimvunja mguu Lukas, mwendeshaji. Bi Mwanaupe aliiita namba ya mashine hiyo, akaona gurudumu ni la mkupuo wa 1986, kisha akaiuliza programu magurudumu mengine ya mkupuo ule yako wapi. Yalikuwa matatu: Bunda, kisiwa cha Rukuba, na Butiama. Mkaguzi hatukuwa naye. Meneja wetu, Bwana Bernado, alipiga simu Bunda, haikushika. Bi Mwanaupe akachukua mkoba wake, akaenda mwenyewe.

Bunda alikuta mashine imefungwa kwa kamba, mkanda umevuliwa. Mwenye mashine, Mama Nyamburi, alishangaa kumwona.

"Mbona fundi wenu alishapita? Jana tu. Aligonga gurudumu, akasema tusiiwashe mashine."

"Fundi gani, mama?"

"Mzee mmoja, ovaroli ya bluu. Anagonga hivi, halafu anainamisha kichwa. Nilimpa maji, hakunywa."

Bi Mwanaupe alijiambia huenda kuna fundi wa mtaani anayeiga. Aliligonga gurudumu kwa spana, likakohoa. Akashukuru, akarudi Musoma. Lakini anasema ndani ya basi alijikuta amekaa upande mmoja wa kiti cha watu wawili, na hakusogea hata abiria walipoongezeka.

Kesho yake alikwenda Rukuba kwa mtumbwi wa injini. Kambini wanawake walikuwa wakianika dagaa, na kibanda cha mashine kilikuwa kimya. Mwenyewe, Bwana Burito, alitoka akijifuta mikono.

"Mwenzako alikujaga asubuhi," alisema. "Kagonga, kasema tuzime, tumezima. Ila niulize, alikuja na mtumbwi gani? Mitumbwi ya hapa naijua yote."

"Alikuwaje?"

"Mkimya. Anakohoa. Nilipogeuka kumwita chai, hayupo. Tumezunguka kisiwa kizima, mama. Hayupo."

Bi Mwanaupe aliaga, akapanda mtumbwi kurudi. Alijua hakuna fundi wa mtaani anayejua mashine zile ziko wapi. Programu ilikuwa na neno la siri, na neno hilo alikuwa nalo yeye peke yake. Katikati ya ziwa, anasema, maji yalikuwa yametulia kabisa, na alimsikia mtu akivuta pumzi kwa shida kando yake. Nahodha alikuwa nyuma, kwenye injini, na abiria mwingine hakuwapo.

Safari ya Butiama alitaka kumpa mtu mwingine. Kilichompeleka ni hesabu rahisi tu: kama yule mzee ametangulia, hakuna hasara, na kama hajatangulia, mashine inasaga.

Ilikuwa inasaga. Aliisikia tangu barabarani. Ilikuwa siku ya gulio, foleni ya akina mama wenye mahindi na mihogo imeingia mpaka ndani, na watoto wamekaa ukutani, sambamba na gurudumu.

"Kuna fundi amekuja hapa?" alimuuliza mwenye mashine, Bwana Jilala.

"Hakuna aliyekuja."

"Basi zima."

"Nizime na watu wote hawa? Ngoja wamalize."

Bi Mwanaupe si mtu wa kubishana. Aliwashika watoto mikono, mmoja baada ya mwingine, akawatoa, na akina mama wote wakawafuata wakilalamika. Jilala alibaki amesimama, akitazama mlangoni, nyuma ya bega la Bi Mwanaupe. Kisha akainama na kukata mafuta ya injini. Walikuwa wametoka nje wote wawili, mwendo ukipungua, gurudumu lilipopasuka. Nusu yake ilipita ukutani, pale watoto walipokuwa wamekaa, ikaenda kulala kwenye shamba la mihogo.

Hakuumia mtu. Vumbi lilipotua, Jilala alimsogelea.

"Mama, nisamehe kwa ubishi. Nisingezima. Ni yule mzee uliyekuja naye, alivyonitazama. Mbona hakuingia ndani?"

Bi Mwanaupe alikuwa amekuja peke yake.

Alipotoka Butiama hakurudi kazini moja kwa moja. Alikwenda Bunda, kwa Bi Hana, mjane wa Mzee Silasi, akamkuta anachambua choroko. Alihofia kumshtua, kwa hiyo alimweleza polepole, kituo kwa kituo. Bi Hana alisikiliza bila kuinua macho, na mwisho akauliza kama yote manne yamekwisha.

"Yamekwisha, dada."

"Huku nyumbani hajafika," alisema Bi Hana. "Nilijua atapitia kazini kwanza."

Jioni ile alipika chakula cha watu watatu, na Bi Mwanaupe akala naye bila kuuliza.

Tangu hapo hakuna mashine inayotoka kiwandani kwetu bila namba yake kuingizwa, na hakuna mkupuo wa chuma usiojulikana ulikotoka. Kazi hiyo ni ya Bi Mwanaupe, na mashine zinazosaga leo salama toka Tarime hadi Ukerewe ni ushahidi wake.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaka redio wala godoro. Ameomba gari la kiwanda limhamishie mizigo yake Bunda, jirani na Bi Hana, ambako ameshapanga chumba. Anasema mwenzake bado anamsubiri mzee, usiku hafungi mlango kwa komeo, na si vizuri mtu kusubiri peke yake.

Bi Mwanaupe, asante kwa kazi, kwa kicheko na kwa watoto wa Butiama. Nenda ukapumzike, upate afya na majirani wema, na mtakayemsubiri awafikie kwa amani.

Apolinary Jilasi
Chumba cha Michoro