Sikio la Shimanzi

Ndugu waombolezaji, Bwana asifiwe, na kwenu jirani zetu wa Bondeni mliofunga maduka asubuhi hii mkaja nasi hadi hapa makaburini Mbaraki, asalaam alaykum. Haya yanasomwa na Ndinda, dada mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia ya Mulwa, na mjue mapema kwamba ipo sehemu moja ambayo marehemu aliiandika mwenyewe katika daftari, akaagiza habari yake isomwe mbele ya watu bila kufichwa jambo, akasema ikirukwa atafufuka aje aisome mwenyewe, na kwa tunavyomjua, angekuja.

Marehemu Tom Kyalo Mulwa alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Aprili 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa reli hapa kisiwani, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Mulwa, fundi wa vichwa vya treni, na marehemu mama yetu Kamene, ambaye alikuwa ametoka Makueni kuja kumsalimia mumewe kwa wiki mbili tu, mtoto akamuwahi, ndipo akaitwa Kyalo, yaani safari kwa Kikamba, na mama naye hakurudi tena kwao ila kwa likizo. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, sekondari kuanzia 1980 hadi 1983, kisha chuo cha ufundi hapa Mombasa kuanzia 1984 hadi 1986, na tusimpambe kwa sababu amekufa, hesabu zilimpiga chenga kila muhula, lakini sikio alilopewa na Mungu halikuwa na mfano, maana akiwa kitandani aliweza kusema ni kichwa kipi cha treni kinachoingia stesheni na ni kipi kina ugonjwa, baba akienda kazini anakuta ni hivyo hivyo.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika mtambo wa umeme wa dizeli ng'ambo ya bandari, akadumu hapo miaka thelathini na saba, na kazi yake aliifanya kwa bisibisi ndefu, ncha moja akiigusisha kwenye injini, ncha nyingine sikioni, akifumba macho kama mtu anayeombewa, kisha anataja chuma kinachokaribia kuvunjika, hata wenzake wakamwita Sikio, na jina hilo likashinda lile la ubatizo.

Alifunga ndoa takatifu na Awiti, mwalimu wa chekechea, Jumamosi tarehe 12 Desemba 1992, msimamizi wake akiwa rafiki yake wa chumba cha injini, Bwana Odera, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mumbua, aliyezaliwa 1994, na Mulwa, aliyezaliwa 1998, na wajukuu wawili. Walipanga ghorofani kwa Mzee Abdulhadi, Bondeni, mwaka 1993, wakisema ni kwa miezi sita tu, na hadi leo hawajahama.

Mwezi wa Januari 2025 marehemu alihamishiwa kituo kipya cha betri cha Shimanzi, makontena arubaini yaliyopangwa uani kati ya maghala, yanayoshiba umeme wa jua na wa upepo kutoka bara mchana kutwa, kisha yanautoa jioni watu wanapowasha taa na majiko, ili injini za mafuta zipate kuzimwa, na kituo kilipewa siku tisini za majaribio, kikifaulu kibaki, kikishindwa injini ziendelee na moshi wake. Sikio hakukipenda, enyi watu, alirudi nyumbani akimlalamikia Awiti kwamba amepewa kuchunga makabati ya chuma yasiyokohoa wala kupumua, na kwamba sauti pekee mle ndani ni ya feni za kupoza.

Sasa ni lile alilotuagiza. Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, siku ya kumi na mbili ya Ramadhani, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, mvua ya alasiri ilikuwa imeyapoza makontena, feni zikajizima zenyewe kama zinavyotakiwa, kimya kikatanda, na Tom, ambaye maisha yake yote kimya kilikuwa na maana ya mauti ya injini, aliamini kituo kinakufa mikononi mwake, akakata swichi kubwa kwa mkono wake wa kulia ili kukiokoa, na kituo kilikuwa kizima kabisa. Bondeni na Mji wa Kale wote wakakosa umeme, robo saa kabla ya kufuturu, feni za majumbani zikasimama, sharubati zikakwama mashineni, kipaza sauti cha msikiti kikafa, mwadhini akapanda juu akaadhini kwa koo lake, na umeme haukurudi ila baada ya dakika arubaini na moja.

Kesho yake kisiwa kizima kilisema betri zimefeli, kikao cha kuamua hatima ya kituo kikaitishwa Jumatatu tarehe 17, na kumbukumbu za kompyuta zilionyesha swichi imekatika bila kuonyesha kama ni mtambo uliojikata au ni mkono wa mtu, kwa hiyo aliyejua alikuwa mmoja tu. Huyo mmoja alimwambia Odera, na Odera, akiwasemea watu ishirini na sita wa chumba cha injini ambao mkate wao ulikuwa katika injini zile, alimsihi anyamaze, akamkumbusha kwamba amebakiza mwaka mmoja tu astaafu, kwamba hakuna aliyemwona, na kwamba betri hazina watoto. Marehemu ameandika kwamba maneno hayo yalikuwa matamu, kwamba aliyatafuna siku mbili, kwamba Jumamosi hakula, na tunayasoma hayo, kaka, kama ulivyotaka, ingawa wengine tungependa yarukwe.

Jumapili alitoka kanisani akapita baraza kwa baraza, Bondeni hadi Mji wa Kale, akiomba radhi kwa kila aliyemkuta, akaanza na mwenye nyumba wake, na Mzee Abdulhadi, ambaye yuko hapa na atanisahihisha nikikosea, alimjibu kwamba siku ile sambusa za mkewe Nabiha zililiwa mbichi na hilo hatalisahau mpaka kiyama, lakini mtu aliyeweza kukaa kimya akaja kusema hafukuzwi barazani, basi aketi. Jumatatu alisimama mbele ya kikao akasema ni mkono wake, akapewa barua ya onyo, akaondolewa zamu, na kituo kikaachwa kimalize siku zake tisini, kikafaulu. Odera hakumsalimia kwa miezi minne, na hilo lilimuuma kuliko barua.

Lakini hakukaa akijihurumia, alibisha milango ya wakubwa mpaka wakakubali kwamba watu wa kwanza kufundishwa kazi ya betri wawe wale wa chumba cha injini, wakajiandikisha kumi na tisa, wa mwisho kabisa akiwa Odera, aliyeketi dawati la nyuma na uso umemvimba, na leo ndiye mkuu wa zamu Shimanzi. Mwezi wa Oktoba walikuja wageni kutoka nchi inayoendeshwa kwa makaa ya mawe, wanaotaka kujenga betri kama hizi, wakamwomba fundi mkongwe awafundishe, naye somo la kwanza aliwasimamisha uani dakika tano bila kusema neno, ili wakizoee kimya.

Mapafu yake yalianza kumsumbua Agosti 2025, madaktari wakakuta yana makovu ya siku nyingi, naye hakumlaumu mtu, akaletewa nyumbani mashine ya oksijeni. Jumanne tarehe 9 Desemba laini kuu kutoka bara ilikatika, pwani yote ikazimika, na Bondeni taa zikaendelea kuwaka kwa muda wa saa nne kamili kwa umeme wa Shimanzi, mashine ikiendelea kumpa pumzi, aliyekuwa zamu siku hiyo akiwa Odera, ambaye alipotoka kazini alikuja moja kwa moja akakaa kitandani pake, wakashikana mikono, wakalia wazee wawili wale bila haya. Alituaga Jumapili tarehe 18 Januari 2026, saa tatu asubuhi, mkewe na watoto wake wakiwa pembeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua kwa subira yao, Bi Nabiha kwa uji wa kila asubuhi, majirani mliobeba viti na maji, na wafanyakazi wa injini na wa betri waliobeba jeneza hili kwa bega moja.

Na wewe Sikio, tunajua kinachokusumbua hapo ulipolala, basi sikia kutoka kwetu, Odera yuko hapa, kituo ni kizima, taa za Bondeni zitawaka jioni hii. Kimya hiki si hitilafu, kaka, usiguse swichi, pumzika tu kwa amani.