Bi Ishbel Geddes, Mpishi wa Karamu ya Mshairi Jumbani Pitcorran

Tarehe 31 Januari Bi Ishbel Geddes anastaafu, baada ya kulipikia jumba hili kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi, Wallace, ni mtunza vyumba wa Pitcorran. Kazi yangu ni mazulia, viti na kuta za hariri, na nimeombwa kuandika haya kwa sababu hakuna aliyegombana naye kunishinda.

Aliingia kama msaidizi wa jikoni, akija kwa baiskeli kutoka Auchterbrae, mvua isiponyesha na hata inyeshapo. Mpishi wa siku zile alipougua wiki ya karamu, yeye akaishika sufuria na hajaiachia mpaka leo. Wageni wa kiangazi wanamjua kwa biskuti zake za siagi. Sisi tunamjua kwa sauti. Jaribu kuingia jikoni na tope: "Wallace, hayo mapambo ya miguuni unampelekea nani?" Hata mbwa wa mtunza bustani siku hizi hufuta miguu mlangoni.

Lakini sifa yake kubwa ni Karamu ya Mshairi, kila tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi wetu. Zumari la mfuko linatangulia, nyuma yake anafuata Bi Ishbel na hagisi kwenye sinia: tumbo la kondoo lililojaa moyo, maini na nafaka ya oti, likifuka mvuke. Wageni wote wanasimama na kupiga makofi. Kisha mtu mmoja anaisomea hagisi, kwa kichwa, shairi ambalo mshairi aliitungia, na akifika ubeti wa kisu, anaipasua. Watu hutokwa na machozi, na wakati huo bado hawajalewa, au si wote.

Hapo penye kisu ndipo roho yangu huruka. Mwaka jana daktari wetu wa mifugo, Murdo Kinnear, ambaye hukariri kwa mwili mzima, aliichoma hagisi kwa nguvu mpaka mafuta yakarukia hariri ya ukutani, iliyokaa pale miaka mia mbili na ushee bila doa. Bodi inayolimiliki jumba ikaja juu: likianguka tone jingine hata moja, karamu inahamia kwenye hema kando ya maegesho ya magari, moja kwa moja.

Bi Ishbel aliposikia aliweka mwiko chini. "Hema? Tumkumbuke mshairi kwenye hema, kama tuko mnada wa ng'ombe?" Halafu akaniambia kwa sauti ndogo, ambayo sijaizoea kwake: "Wallace, karamu hii niliikuta ukumbini mle. Sitaki niondoke nikiwa ndiye niliyeitoa." Siku hiyo hatukugombana.

Basi mwaka huu bodi ikamtuma mkaguzi, Bi Rhona Tulloch, mwenye tochi mfukoni na uso usiojua mzaha. Tukamketisha jirani na ukuta wenyewe. Murdo naye tulimwonya, mimi, meneja, hadi mke wake mwenyewe: taratibu, Murdo, ufikirie ukuta. Tulimwonya kupita kiasi. Alipofika ubeti wa kisu aliutazama ukuta, na shairi lote likamtoka kichwani. Kisu kiko hewani. Akaanza upya. Wapi! Na desturi ndiyo hiyo: hagisi haikatwi kabla shairi halijafika ubeti huo, na mpishi haruhusiwi kufungua mdomo. Hagisi inazidi kupoa, Bi Ishbel kawa mwekundu kama nyanya.

Ndipo Bi Rhona akasimama. Kila mtoto wa huku hukaririshwa shairi hilo shuleni, na yeye hakuwa amesahau hata neno. Alianza kwa sauti ya mkaguzi, akaendelea kwa sauti ya mtu aliye uwanja wa mpira. "Nipishe, baba!" akamwambia Murdo, akampokonya kisu, na kabla sijasema mama yangu, akakididimiza kwa mikono miwili.

Bi Ishbel alikuwa keshamsoma. Aliruka kati ya sinia na ukuta, kaitandaza aproni huku na huku kama golikipa, na mafuta yote yakatua kwake, puu!

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Mimi sikupiga hata kofi. Bi Rhona, blauzi yake imejaa oti, alinikabidhi tochi. "Angalia wewe, kaka. Mimi leo siaminiki." Niliumulika ukuta juu mpaka chini, Bi Ishbel nyuma yangu hata hapumui. Nikarudia tena. Hakuna kitu. "Safi, mama," nikamwambia. "Pote safi." Bi Rhona akawageukia watu: "Karamu haitoki humu. Na mwakani msiponialika nitajialika."

Jamani, nilishusha pumzi ya mwaka mzima! Bi Ishbel akapapasa nyuma yake, akajibwaga, na aproni yake ya mafuta, juu ya kile kiti cha hariri ya buluu chenye kamba ya kuzuia wageni, ambacho hajakikalia mtu tangu babu yangu hajazaliwa. Akalia, akacheka, akalia tena. Nilimwona vizuri sana. Nikaenda kumletea wiski.

Bi Ishbel, asante kwa kila Januari. Nenda ukalale mpaka jua liwe juu, upikiwe na wengine, na ulalamikie chumvi yao upendavyo. Heri na afya ziwe nawe daima. Kile kiti kimegoma kutakata, na kamba nimeitoa. Mwakani ukija kula, kaa hapo hapo.

Wallace Purdie, mtunza vyumba