Avelina Ndunguru: Miaka Thelathini na Minne ya Kuandaa Nembo za Watu

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Avelina Ndunguru, ambaye karibu sote tunamwita Mama Allen, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha uchapaji hapa Temeke kwa miaka thelathini na minne kamili. Aliingia Julai 1991 akiwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa ametoka Mbinga mwezi mmoja tu kabla, amefikia kwa shangazi yake Segerea, na hakuwa amewahi kuona mashine ya kuchapa.

Siku zile nembo ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Mama Allen alizikata kwa wembe kwenye plastiki nyekundu, ameinamia meza ya kioo yenye taa chini yake. Mkono ukiteleza kidogo tu, anaanza upya. Waliofanya naye kazi wanasema alikuwa anabana pumzi kila anapokata duara, na chumba kizima kilinyamaza mpaka amalize.

Kompyuta zilipofika mwaka 1999, uongozi ulipanga kumhamishia kwenye kufunga mizigo. Hakulalamika. Aliomba miezi mitatu. Kila mchana wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki na marehemu Mzee Erasmus, fundi wetu wa kwanza wa kompyuta, akijifunza kuchora kwa kipanya. Miezi hiyo ilipokwisha, aliweka mbele ya meneja nembo moja iliyotengenezwa mara mbili, ya wembe na ya kompyuta. Meneja alizigeuza, akazisogeza dirishani, akashindwa kuzitofautisha. Habari ya kufunga mizigo ikaishia hapo.

Mie nilimkuta mwaka 2015. Kila nembo iliyopita kwake ilikuwa na mafolda matatu aliyoyapa majina mwenyewe. "Ya kuchapa" lilikuwa na faili la vekta, yaani lile la mistari ambalo halipasuki hata ukilikuza lienee ukutani, na rangi zake zimeshapangwa kwa wino. "Ya simu" lilikuwa na faili jepesi lisilo na weupe nyuma, la kuweka mtandaoni. La tatu, "Ya mhuri", lilikuwa na nembo ya rangi nyeusi peke yake. Nilidhani ni mambo ya watu wa zamani. Nilikuwa nimejifunza usanifu chuoni, nikajiona nimefika.

Miezi miwili baadaye alikwenda Mbinga msibani, nikabaki peke yangu. Ndipo alipokuja Bi. Hayat, mkunga aliyekuwa anafungua zahanati yake Kiwalani. Alitaka bango la mita nne kwa ajili ya ufunguzi wa Jumamosi. Nembo alinitumia kwa WhatsApp: viganja viwili vimempakata mtoto mchanga. Ilikuwa picha ndogo ya simu. Sikumuuliza kama ana nyingine. Nikaivuta mpaka ikaenea, nikaipeleka mashineni.

Jumatano alikuja kuchukua bango. Tulipolikunjua uani, viganja vilikuwa vimekatika miraba miraba, na mtoto alikuwa doa tu. Bi. Hayat hakugomba. Alikaa kwenye benchi, akatueleza taratibu kwamba nembo ile ilichorwa na baba yake, Mzee Anwar, wiki chache kabla ya kufariki. Meneja wetu, Bw. Azan, alinitazama kwa muda mrefu. Nikajua kazi sina.

Mama Allen alikuwa amerudi asubuhi ileile. Alitoka ndani, akaliangalia bango, akaniangalia na mimi.

"Bosi, chumba cha usanifu nakisimamia mie," alimwambia Bw. Azan. "Nimesafiri bila kumwonyesha huyu Lusungu tunavyopokea nembo. Nipe mpaka Ijumaa."

Kisha akakaa kwenye benchi karibu na mteja.

"Shikamoo mama," Bi. Hayat alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mchoro wenyewe wa mkono uko wapi?"

"Karatasi ilipotea tulipohama. Ila baba alimpelekea fundi mmoja wa vinyago Mwenge amchongee kwenye ubao. Sijui ubao wenyewe uliishia wapi."

Kesho yake, Mama Allen na mimi tulikuwa Mwenge tangu soko linafunguliwa. Tuliuliza kibanda kwa kibanda, nikiionyesha ile picha kwenye simu. Karibu adhuhuri tulimpata fundi Apolinari. Aliitazama picha, akaingia nyuma ya kibanda, akatoka na ubao uliojaa vumbi.

"Nilimsubiri mzee aje kuuchukua," alisema. "Baadaye nikasikia amefariki, na sikuwa na namba ya mtu wake yeyote. Mpelekeeni mwanawe."

Ofisini Mama Allen aliulaza ubao sakafuni, akaupiga picha kutoka juu kabisa, akapima kila upande kwa rula. Kisha akaanza kuchora upya, mstari mmoja mmoja. Nilikuwa kando yake nilipoona kidole kimoja cha kushoto kimepinda. Nikadhani fundi aliteleza, nikamwambia tukinyooshe.

"Usikiguse. Tumuulize kwanza mwenye nembo."

Alimpigia Bi. Hayat, simu ikiwa kwenye spika, akamweleza kuhusu kidole.

"Hicho ni kidole cha baba," Bi. Hayat alisema. "Kilivunjika akiwa mdogo, hakikunyooka tena. Kwa hiyo alichora mikono yake mwenyewe. Mie sikuwahi kujua."

Mama Allen alikata simu, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. Kisha akarudi kwenye mistari yake mpaka faili likakamilika.

Ijumaa bango jipya lilichapwa. Jumamosi lilipanda Kiwalani, na Bi. Hayat akaondoka na ubao wa baba yake pamoja na flashi yenye yale mafolda matatu. Kazi yangu nikabaki nayo. Jumatatu Mama Allen alinikalisha akanisema vilivyo, na tangu hapo sijapokea nembo yoyote bila kumuuliza mteja ilikotoka.

Wengine watakumbuka uimbaji wake wa kwaya ya Jumapili ukivuja mpaka kazini Jumatatu, au chai yake ya tangawizi ambayo ilikuwa haina mpinzani. Mie nitakumbuka zaidi Ijumaa iliyopita. Nilikuwa na faili la kupeleka mashineni, nikamwita alikague kama kawaida ya miaka kumi. Alikuwa anafungasha vitu vyake. Hakuinuka.

"Leo siangalii," alisema. "Peleka."

Nikapeleka. Lilitoka sawa.

Mama Allen, ahsante kwa kila mstari uliouchora na kwa kila mmoja wetu uliyemsimamia. Nenda Segerea ukapumzike, ulime bustani yako, ucheze na wajukuu. Sisi wa chumba cha usanifu tunakuombea afya njema, usingizi mzuri na siku nyingi zisizo na haraka.

Lusungu, kwa niaba ya wafanyakazi wote