Ndoo ya Mkaa wa Mifupa

Kijiwe chetu kiko juu kidogo ya Usa River, kwenye kona ya kupandia shule ya msingi, pale Hans anapouza kahawa. Jumamosi ile manyunyu hayakukatika tangu alfajiri. Kwenye benchi tulikuwa Solomoni fundi pikipiki, tunayemwita Injinia, Derick wa bodaboda, maarufu kama Bunge, Mzee Nathanaeli, na mimi. Kahawa ya mzee ilikuwa imempolea mkononi. Binti yake, Elinipa, alikuwa ameondoka na basi la asubuhi kurudi chuo kikuu, hakumuaga mtu ila mama yake.

Bunge akaanza, maana kimya humuwasha.

— Mzee, hivi hiyo kemia ya kijani anayosoma ni rangi au?

— Ni kutengeneza vitu bila kuacha sumu nyuma, alijibu Mzee Nathanaeli. Aliichagua kwa ajili ya mdogo wake.

Huyo mdogo wake, Daniel, tunamjua sote. Miguu yake ilipindishwa na haya maji yetu yenye floraidi, yaliyotupa meno ya kahawia. Likizo hii Elinipa alikusanya mifupa ya ng'ombe buchani, akaichoma kwenye pipa mpaka ikawa mkaa, akaupanga kwenye ndoo kubwa yenye koki, akaiweka shuleni. Maji yakipita humo, floraidi inanaswa na mkaa. Watoto waliyanywa wiki sita.

— Usinielewe vibaya, mzee, alisema Injinia. Ila wahenga walisema mfupa uliomshinda fisi, nani atauweza? Sasa sisi ndio tuunywe?

— Na mimi nasikia hiyo mifupa haikuwa ya ng'ombe, Bunge akadakia. Alionekana na kiroba jirani na makaburi ya kanisani.

— Njia ya bucha inapita hapo, alisema mzee.

— Ndiyo hapo sasa! Lisemwalo lipo. Halafu majibu ya vipimo yanapelekwa Ulaya. Wanataka watoto wetu wasirefuke.

— Wasirefuke kivipi? aliuliza Hans.

— Mifupa yao inahamia kwenye ndoo, kaka. Polepole.

Hakuna aliyecheka. Maneno hayohayo ndiyo yaliyotupandisha shuleni jana yake. Elinipa alisimama mlangoni, karatasi ya vipimo mkononi, akirudia, "Someni kwanza. Naomba msome kwanza." Hakuna aliyeipokea. Ndoo tukaimwaga mtaroni. Bunge alishika upande mmoja, mimi wa pili.

— Alisema atarudi lini? nilimuuliza mzee.

— Hakusema. Alimwambia mama yake anataka kubadilisha masomo.

Ndipo akaja mama mmoja, mgeni machoni petu, amemshika mkono binti wa miaka sita hivi chini ya mwavuli.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Agnela. Nimehamia juzi, nimepanga hapo juu kwa mama Anande. Huyu anaanza shule hapo Jumatatu. Nimeambiwa maji ya huku yana shida. Eti shuleni watoto wanakunywa maji gani?

Injinia akainama, akaanza kukwangua oili kwenye kucha. Bunge akaitazama pikipiki yake. Mzee Nathanaeli alinigeukia mimi, akasubiri.

Yule mama akadhani hatukusikia kwa sababu ya mvua. Akasogea karibu, akauliza tena.