Honi ya Marehemu

Wapendwa, Bwana asifiwe, na naomba mnivumilie, maana mie nikishika maiki siwezi kusimama sehemu moja. Mzee wa zamu alishanipa kiti hapa mbele, nikamwambia hapana, nikikaa nitalia kabla sijamaliza. Kabla ya ibada nilienda kwa mchungaji nikamweleza nitakachosema, kwa sababu na yeye yumo. Akacheka, akasema, "Mama, sema yote." Basi nasema yote, msije mkanivizia mlangoni.

Mnajua nilifiwa. Wengi wenu mlilala kwangu Pugu siku za msiba, mkapika, mkaosha vyombo, mkanishika nilipokuwa siwezi kutembea. Marehemu aliniachia watoto wawili na lori, lile dogo la bluu, mtumba wa siku nyingi, alilokuwa akibebea mchanga na tofali za wajenzi. Alinifundisha kuliendesha tukicheka, mie nikizima injini kila kona. Hatukujua kwamba ananifundisha kazi. Baada ya arobaini nikasema nitaliendesha mwenyewe.

Hapo shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, akaniita kwake Mwananyamala. Sina ubaya naye, leo tunakula meza moja. Ila siku ile alisema, "Shemeji, lori si kazi ya mwanamke. Tuliuze, watoto waende kijijini kwa bibi yao, na wewe uanze maisha." Mmesikia hapo? Watoto waende. Nikamwomba anipe muda nijaribu. Akasema sawa, likikushinda tunaliuza. Ndugu zangu, nawaambia, tangu siku ile mie nikilitazama lile lori nilikuwa nawaona watoto wangu.

Nikalileta hapa, mchungaji akalibariki. Mnakumbuka? Mkalizunguka pale uwanjani mkiimba, na mama mmoja wa maombi, yule pale anajiziba uso na kitambaa, akapanda ndani na ndoo ya maji ya chumvi. Akanyunyizia kiti, usukani, dashibodi, kisha maji yaliyobaki akayamwaga yote kule chini miguuni, upande wa abiria. Nikaitikia amina kwa nguvu zangu zote. Nikaondoka viatu vimelowa, nina furaha.

Haukupita muda, honi ikaanza. Lori nimeliegesha uani, niko jikoni nachambua mchele, nasikia piiii! Nikatoka mbio nikidhani ni watoto wanachezea. Hakuna mtu. Milango imefungwa, ufunguo ninao mwenyewe, nimeufunga kwenye pindo la khanga. Kesho yake saa kumi jioni, tena. Baada ya hapo waipa zikawa zinafuta kioo jua likiwa kali. Indiketa zikawaka za kulia na za kushoto kwa pamoja, nikitaka kukata kona hakuna anayejua naenda wapi. Pale Mbezi Luis madereva wa mabasi walinitukana matusi ambayo siyarudii kwenye nyumba hii.

Majirani nao wakaanza. Mmoja akaniambia kwa upole, "Dada, huyo ni mwenyewe anataka gari lake." Habari ikafika Mwananyamala siku ileile, sijui nani aliipeleka. Shemeji akapiga simu: "Si nilikwambia? Gari limekukataa."

Jamani, neno hilo liliniingia. Nikawa mtu wa kusimama. Nakula nimesimama, nasuka mtoto nywele nimesimama, maana nikikaa tu naisubiri ile honi. Nikiosha sahani moja mara tatu najua leo sijambo, kuna siku nilikuwa naosha na zilizo safi.

Nikaja kwenu tena. Mkaomba tena. Ndoo tena! Mama yetu wa maombi akaongeza chumvi, akasema roho hii ni ngumu. Na ilikuwa ngumu kweli, kwa sababu kila mkimwaga, tatizo linazidi. Taa kubwa zikazima moja kwa moja. Milango ikawa inajiloki. Siku moja ilinifungia nje lori likiunguruma, nimesimama saiti na mchanga wa watu, wajenzi wananitazama kama sinema.

Fundi wa karibu na nyumbani dawa yake ilikuwa moja: kupiga direct. Wenye magari mnacheka, mnaijua. Taa zimezima? Anavuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye taa, njia ya mkato, halafu anakubandikia swichi ya ukutani, hii ya kuwashia taa sebuleni. Waipa, direct. Indiketa, direct. Dashibodi yangu ikajaa swichi za nyumba, mteja akipanda anauliza, "Mama, ya feni ni ipi?" Mwishowe fundi akataka aikate honi kabisa. Nikamkatalia. Akashangaa, "Mama, si ndiyo inayokusumbua?" Nikamwambia aiache. Kwa nini, nitawaambia, lakini ngojeni kwanza, sijapata nguvu.

Sasa, asubuhi moja nampeleka binti yangu shule, mchanga uko nyuma, naelekea Chanika. Nikasikia harufu ya plastiki. Moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi, kwenye zile nyaya za direct. Nikasimamisha, nikamvuta mtoto kwa mkono mmoja, na huku napiga mayowe nikachota mchanga wa mteja kwa ndoo nikaumwaga ndani. Watu wakaja, wakasaidia, ikazimika. Binti yangu akanishika khanga. Akaniuliza, "Mama, baba ndiye anataka kutuchoma?"

Hapo ndipo niliposhtuka, wapendwa. Kumbe mtoto alikuwa anayasikia maneno yote ya uani. Nikapiga magoti pale kando ya barabara, nikamjibu, "Baba yako asingekuchoma hata kidole." Nilipokwisha kulisema, nikajisikia mwenyewe. Kama asingemchoma, basi siye yeye. Na kama siye yeye, kuna kitu kimeharibika humo ndani, na kitu kilichoharibika hutafutiwa fundi.

Nikaulizia, nikaelekezwa Temeke kwa fundi umeme wa malori. Lori likavutwa kwa kamba mpaka gereji kwake. Mtu wa pwani, mwingi wa maneno, anatania hata nati. Hakugusa waya wowote wa direct. Alichomoa betri, akalala upande wa abiria, akafungua kifuniko kule chini miguuni, akatoka na kiboksi cheusi kama kontena la chakula cha shule. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo kontrol boksi ya bodi. Taa, honi, waipa, indiketa, loki za milango, vyote vinasubiri amri yake. Akakifungua. Ndani kutu ya kijani tupu, na ungaunga mweupe. Akaugusa kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema. "Mama, hili lori mlikuwa mnavulia samaki?"

Nikamweleza. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajikamata. "Astaghfirullah, nisamehe mama yangu. Dua ni kitu chema sana. Ila mngemwagia matairi."

Msicheke sana, ngoma bado. Alitafuta boksi jingine kutoka kwenye lori lililokatwa, la namba ileile, akalifunga. Siku hiyohiyo shemeji akatokea pale gereji na mtu anayetaka kununua. Nikapanda, nikawasha. Injini ikashika, ikazima. Nikawasha, ikazima. Shemeji hakuwa na hasira hata kidogo, alisema kama mtu anayenihurumia, "Shemeji, achana nalo. Limekukataa."

Fundi hata kichwa hakuinua. "Shikamoo mzee. Halijamkataa mtu. Halijatambulishwa. Boksi hili limetoka kwenye gari lingine, ni mgeni hapa, ufunguo wa mama haliujui. Hata nyie mkienda kuposa, mnaingia tu chumbani kwa binti?"

Yule mnunuzi akaangua kicheko. Fundi akachukua lile boksi bovu, akalisafisha kwa spiriti na mswaki, akalianika, kisha akaliunganisha na kompyuta yake avute kumbukumbu zilizobaki, pamoja na utambulisho wa ufunguo wangu. Ilikuwa saa nzima ya mie kutembea kutoka getini hadi kwenye pipa la oili na kurudi. Nilikuwa naomba, nakiri, lakini kimoyomoyo na mikono mitupu. Akazihamishia kumbukumbu zile kwenye boksi jipya, akanipa ufunguo. "Haya mama, bisha hodi."

Likawaka, likaendelea. Taa zikatii. Waipa zikatulia. Loki zikafunguka. Swichi zote za ukutani akazing'oa, akanipa kwenye mfuko wa rambo. Shemeji alilizunguka lori, akapiga teke tairi kidogo, halafu akamgeukia yule mtu wake. "Tusamehe ndugu yangu, nimekusumbua bure. Gari lina mwenyewe." Akaniangalia mie alipokuwa akisema hivyo.

Sasa lile nililoliacha. Honi sikutaka ikatwe kwa sababu nilikuwa namjibu. Ikilia saa kumi, nilikuwa natoka na kikombe cha chai, nasimama pembeni ya mlango wa dereva, namsimulia mtoto kapata ngapi hesabu, nani kanitukana njiani. Niliogopa ile sauti na niliitaka. Siku lori lilipopona nilikwenda nikasimama palepale na chai yangu. Kimya. Nikangoja mpaka chai ikapoa. Nikalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka, nikalia hadi jirani akaruka ua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru fundi, ambaye si wa kanisa letu na leo kakaa pale nyuma kabisa kwa heshima yangu. Namshukuru shemeji. Nakushukuru mama wa ndoo, ulinipenda, na ukija nyumbani tena nitakuonyesha matairi yalipo. Na nyie wengine, mtu akiwaambia kitu kimewakataa, kiwe gari, kiwe kazi, iwe nyumba, ombeni, halafu tafuteni wa kufungua atazame ndani. Mkiona mjane anaongea na lori, msimpe hadithi. Kaeni naye, mnywe chai.

Watoto wangu hawakwenda kijijini. Ni wale pale, wamevaa nguo za kufanana. Baba yao amekufa. Neno hilo, amekufa, leo ndiyo mara ya kwanza nalitamka mbele yao.