Mende wa Ukuta wa Mzee Gervasi

Kijiwe chetu hapa Rusimbi ni benchi moja chini ya dirisha la Mzee Gervasi, aliyefiwa na mkewe na kubaki peke yake. Chumba cha pili cha nyumba hiyo ni cha Recho, anayetuuzia kahawa. Asubuhi hiyo Recho alitumiminia huku anageukageuka kutazama mlango wake. Alisema mende wamemvamia, na hawangoji giza. Wanatoka kwenye ufa wa ukuta unaomtenga na mzee, mchana kweupe, wanapanda mezani, ukiwamulika hawakimbii.

Ubishi ukaanza. Feliksi, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alidai wamefuata joto la jiko. Bariki, muuza samaki aina ya migebuka, akakataa: ziwa limepanda, vyoo vimejaa maji, mende wanatafuta pakavu. Redio kuona anashindwa, akasema hao ni wa kutumwa, ndiyo maana hawaogopi mwanga.

– Mende ukimkata kichwa anaishi hata wiki, Bariki akasema taratibu. – Sasa jiulizeni, huko anakotoka kimemtisha nini?

Tulicheka. Ila mimi mgongo ulinisisimka, maana ukuta tulioegemea ni wa nyumba hiyohiyo.

Shadia, mke wa mpangaji mpya, aliyetoka Gungu majuzi tu, alikuwa amesimama na chupa yake akingoja kahawa.

– Mende hahami penye makombo, akasema. – Huko upande wa pili mara ya mwisho kumepikwa lini?

Tukatazamana. Recho alidhani mzee yuko Kalinzi kwa binti yake. Mimi nilidhani Recho anampelekea uji.

Tulipiga hodi. Kimya. Bariki akausukuma mlango kwa bega.

Mzee alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mguu umejikunja vibaya, midomo imepasuka kwa kiu. Masufuria yalikuwa makavu. Humo ndani hapakuwa na mende hata mmoja. Lakini kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

Redio alikimbilia bajaji. Recho akamlowesha midomo kwa kitambaa. Mimi nikapiga magoti.

– Shikamoo, mzee. Tusamehe, hatukujua.

Mzee aligeuza kichwa kuelekea dirishani.

– Niliwaita, akasema kwa sauti iliyokauka. – Kila siku nawasikia hapo dirishani, nawaita. Mlikuwa mnacheka nini?